Kabla hujapiga Windows upya, angalia hadidiski kwanza

Wiki iliyopita mama mmoja mwalimu mstaafu alikuja kwangu na laptopu imeviringishwa kwenye kitenge, nikamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba, akakaa, alafu kabla hata sijaishika akaniambia baba hii kitu imenishinda, naiwasha naenda jikoni nabandika chai, narudi chai imeshachemka yenyewe bado inazungusha vile vidoti. Nikamuuliza imeshapita kwa mafundi wangapi, akasema imepigwa Windows mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila ikirudi inakuwa nyepesi wiki mbili tatu alafu inarudi kulekule. Ndo akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, ila mwanangu nakuomba usinifutie picha, ile mara ya pili fundi alinifutia picha za sendofu ya binti yangu, wala hakuniuliza.

Iliniuma sana hiyo. Ndo maana nimekaa kuandika, kwa sababu hii tabia ya kuona kompyuta nzito na kukimbilia kupiga Windows, yani kuifuta na kuiinstoli upya, imewapotezea watu picha, hesabu za duka, ripoti za chuo, na mara nyingi haitibu chochote maana ugonjwa haupo kwenye Windows, upo kwenye hadidiski, ile diski ya ndani inayohifadhi mafaili yako na Windows yenyewe.

Jaribu mwenyewe sasa hivi kama kompyuta yako inakwama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, kama imekuja ndogo bonyeza More details, alafu angalia safu iliyoandikwa Disk. Ya mwalimu ilikuwa inasoma 100% muda wote, nyekundu kabisa, na hapo hajafungua kitu hata kimoja, alafu ukiangalia mzigo wenyewe unaopita ni kama MB 1 na kidogo kwa sekunde. Diski imeelemewa kabisa na kazi inayotoka ni kiduchu. Ukiona hivo basi umeshapata mchawi, usihangaike na vile viprogramu vya kusafisha rejista wanavyotangaza kwenye intaneti, havisaidii na vingine vinakuja na wadudu wao.

Kwa nini inakuwa hivo? Hadidiski ya zamani ndani yake kuna sahani inayozunguka, za laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kimkono kinachokimbia huku na huku kutafuta data. Kila kikiruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine inapita kama sehemu ya mia ya sekunde au zaidi, kwa hiyo kwa sekunde nzima kinaweza kuokota vipande mia hivi basi, labda chini ya hapo. Sasa Windows ikiwaka inataka maelfu ya vifaili vidogo vidogo kwa wakati mmoja, na antivairasi nayo inataka, apdeti nazo zinataka, wote wanapanga foleni kwa huyo huyo. Ni kama masjala yenye karani mmoja na makabati yamejaa nyumba nzima, watu mia wako dirishani kila mmoja anataka faili lake, hata karani awe na mbio vipi utasubiri tu. SSD, yani diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala kimkono, hakuna kinachotembea, inaokota maelfu kwa maelfu ya vipande kwa sekunde, hata ile ya kawaida kabisa, inayochomekwa palepale pa hadidiski, ukinakili faili kubwa inafika karibu MB 500 kwa sekunde wakati hadidiski inacheza kwenye 100 hivi.

Na hapo ndo unaelewa kwa nini ukipiga Windows kwenye hadidiski ileile inakuwa nyepesi wiki mbili. Mwanzoni diski iko tupu, mafaili yamepangwa karibu karibu, hakuna programu zinazojiwasha zenyewe. Baada ya muda apdeti zinashuka, unarudisha programu zako, mafaili yanatawanyika, foleni inarudi kwa karani. Fundi aliyekupigia hakukudanganya kwamba imepona, aliiona kweli ni nyepesi siku ile, ila hakugusa ugonjwa.

Kuna kitu kingine kibaya zaidi, diski inayokufa. Mimi kompyuta ikija na hadidiski kitu cha kwanza naweka programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inasoma afya ya diski na kukuonyesha kwa rangi, bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Tazama mistari miwili, Reallocated Sectors na Current Pending Sector, hiyo ya kwanza ni maeneo yaliyoharibika diski ikayahamisha, ya pili ni maeneo inayoshindwa kuyasoma inasubiri kuona itakuwaje. Ya mwalimu ilikuwa njano. Nikaweka sikio karibu na kibodi upande wa kushoto, nikasikia tik, kimya kidogo, tik, tik, alafu kama inajikuna. Ukisikia huo mlio zima kompyuta, usiendelee kufanya kazi, na tafadhali usikimbilie chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, maana ikiambiwa itafute maeneo mabovu inaizungusha hiyo diski mgonjwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na inaweza ikamalizikia hapohapo na picha zako zikiwa ndani.

Picha kwanza. Nilifungua laptopu, nikachomoa betri, nikatoa hadidiski, nikaiunga kwenye kompyuta yangu kwa kile kiwaya cha USB, nikaanza na folda zinazouma: picha, barua, nyaraka za pensheni, alafu ndo makubwa kama video. Usianze na muvi, diski ikifa katikati utakuwa umeokoa muvi. Na usiangalie Documents peke yake, watu wetu wanaweka vitu Desktop na Downloads, humo ndo kwenye maisha yao, mwalimu alikuwa na folda Desktop imeandikwa "mpya mpya 2" na ndani yake ndo kulikuwa na mjukuu tangu azaliwe. Kazi ilikula mchana mzima, folda moja ilikwama nikaiacha, nikamaliza nyingine, nikairudia hiyo iliyokwama jioni baada ya diski kupumzika na kupoa ikatoa yote isipokuwa picha nne. Nikazihesabu mbele yake. Kama huna vifaa vya kuitoa diski unaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi kama ya Windows, inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows, unakopi mafaili yako kwenye ekstanali unazima. Kumbuka na pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, hizo watu wanazisahau kabisa mpaka siku wanashindwa kuingia kwenye emeili.

Ukishaifungua isafishe hapohapo. Sisi wa pwani hapa Dar vumbi letu likichanganyika na unyevu linaganda, ile ya mwalimu mbele ya feni palikuwa na tabaka kama kipande cha blanketi, hewa haipiti hata chembe, na prosesa ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo nusu ya uzito mwingine unatoka hapo. Tumia brashi laini, na ukipuliza hewa ishikilie feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu inaumia na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ile pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka inabanduka kama chokaa ya ukuta, nikaifuta kwa spiriti nikaweka tone jipya dogo, la ukubwa wa punje ya mchele linatosha. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi kompyuta ikiwa imewaka, ilikuwa GB 4, nafasi ya pili iko wazi, nikaongeza ikawa 8. Alafu pale ilipokuwa hadidiski nikaweka SSD ya GB 256, mafaili yake yanaenea na nafasi inabaki.

Kupiga Windows sasa ndo zamu yake imefika, na hii sehemu ni rahisi kuliko watu wanavyoiogopa. Flashi ya kuanzia GB 8, tengeneza kwa kifaa cha Microsoft wenyewe kutoka kwenye tovuti yao, usichukue ile Windows ya flashi inayozunguka mtaani iliyochanganywa na mambo ambayo hayajulikani. Laptopu nyingi za kiwandani zilizotoka na Windows 8 kuja juu zina ufunguo wa leseni ndani ya mazabodi, na ile iliyowahi kuwa na Windows 10 halali Microsoft wanaikumbuka kwa mazabodi yake, kwa hiyo ukiunganisha intaneti inajiamsha yenyewe, huna haja ya krak, yani kiprogramu cha kuiamsha Windows bila leseni, na krak ndo mlango mkubwa wa virusi ninaouona kazini. Pakua draiva ya Wi-Fi mapema uiweke kwenye flashi, kuna laptopu zikimaliza kuinstoli hazioni mtandao na utakwama hapo.

Kama kompyuta yako ina SSD tayari na diski ni bluu, yani imekuwa nzito kwa uchafu wa programu tu, hata fundi huhitaji. Nenda Settings, System, Recovery, alafu Reset this PC, kwenye Windows 10 iko chini ya Update & Security. Itakuuliza Keep my files au Remove everything, hiyo ya kwanza inabakiza mafaili yako ila programu ulizoweka zote zinaondoka, kwa hiyo bakapu fanya hata hapo. Itakuuliza tena Cloud download au Local reinstall, ya kwanza inashusha Windows mpya na inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando, ila kama ya ndani ilishaharibika hiyo ndo inayofaa. Chomeka chaja, usianze siku umeme unakatika katika. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data, hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa kitu, mara nyingi unapatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft, bila huo ukifungiwa nje hakuna fundi atakayekufungulia. Unaiuza kompyuta? Chagua Remove everything na uwashe Clean data, basi.

Swali la Windows gani. Windows 10 Microsoft waliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, yani chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, wakati ya mwalimu ni i5 ya kizazi cha 6. Kuna njia za kuilazimisha, nazijua, lakini simfanyii mzee wa nyumbani, apdeti kubwa inayofuata inaweza kugoma na yeye hatajua afanye nini. Nilimwekea Windows 10 nikamsajili kwenye ule mwaka wa nyongeza wa apdeti za usalama unaoishia 13 Oktoba 2026, na nikamwonyesha Linux Mint kwenye flashi aizoee taratibu, akafungua picha zake mle akasema mbona ni sawa tu.

Antivairasi alikuwa nazo tatu zinapigana, nikamwachia ile ya Windows yenyewe. Programu zinazojiwasha nikazizima zote isipokuwa mbili.

Alipokuja kuichukua nilimwacha abonyeze mwenyewe kitufe. Akaanza kuinuka kama alivyozoea kwenda jikoni, nikamwambia kaa mwalimu, na kabla hajarudi kwenye kiti vizuri pale mbele pakawa pameshafunguka. Hakusema kitu, akaenda moja kwa moja kwenye folda ya mjukuu, akafungua moja moja. Hadidiski ya zamani nikaiandika MBOVU kwa makapeni, nikaifunga kwenye bahasha nikampa, maana ni yake na ndani bado kuna picha zake, haitakiwi kubaki kwenye droo ya fundi.