Nautilus haikuibuka kwenye Ncha ya Kaskazini

Wakusanyaji wengi wa stempu huamini kwamba Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, iliibuka juu ya barafu kwenye Ncha ya Kaskazini. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa stempu ya Marekani ya senti 4 iliyotolewa mwaka 1959 inaionyesha pamoja na mbwa wanaovuta sleji barafuni. Hata hivyo, tarehe 3 Agosti 1958 Nautilus ilipita chini ya ncha hiyo ikiwa imezama, ikaendelea na safari yake chini ya barafu, na ikaibuka siku mbili baadaye karibu na Greenland. Nyambizi iliyoibuka kwenye ncha yenyewe ni Skate, tarehe 17 Machi 1959, na kwangu mimi hilo haliipunguzii Nautilus heshima hata kidogo.

Anayetaka kuhakikisha aisome stempu kwa lenzi: miaka iliyochapishwa, 1909–1959, ni ya kuadhimisha nusu karne ya uvumbuzi wa Aktiki, wala si kumbukumbu ya tukio moja. Kisha ailinganishe na historia ya meli yenyewe, ambayo ilistaafu mwaka 1980 na sasa ni makumbusho mjini Groton, Connecticut.