Geti ni nini katika uchambuzi wa flosaitometri?

Anayejifunza kazi kwenye maabara ya utafiti Mbeya, mji ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo chake, hakawii kukutana na geti. Ni mpaka unaouchora kwenye grafu ya nukta, ambamo kila nukta ni seli moja, ili programu ihesabu seli zilizo ndani yake na kuziacha zilizo nje.

Mashine ya flosaitometri hupitisha seli moja moja mbele ya leza. Kila seli huacha namba zake kwenye faili: mwanga uliotawanyika mbele, unaodokeza ukubwa, uliotawanyika pembeni, unaodokeza chembechembe za ndani, na mng'ao wa kila rangi iliyounganishwa na kingamwili, protini inayonata kwenye alama fulani ya seli. Seli ni ya aina gani, hilo unaliamua wewe kwa mageti yako.

Tuseme unahesabu seli T za CD4, yaani seli za kinga zenye alama iitwayo CD4, kwenye damu ya mtu anayeishi na VVU. Kwenye grafu ya mwanga wa pembeni, chembe nyeupe za damu hujigawa: limfosaiti, kundi lenye seli T, hukaa chini, granulosaiti hupanda juu, na katikati wapo monosaiti. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu monosaiti nao hubeba CD4, ingawa kwa uchache. Kwa hiyo tangulia na geti la CD3, alama ambayo seli T wanayo na monosaiti hawana, kisha ndani yake tafuta CD4.

Tazama uzito wake kwa namba za mfano. Tyubu ina maikrolita 50 za damu na shanga 50,000 za kuhesabia, yaani vipunje ambavyo idadi yake inajulikana tangu mwanzo. Mashine imesoma shanga 10,000 na seli 1,900 za CD4. Gawa 1,900 kwa 10,000, zidisha kwa 50,000, gawa kwa 50: unapata 190 kwa maikrolita. Sasa legeza geti kidogo, ziingie seli 200 zisizohusika. Jibu linakuwa 210. Kwa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima aliye chini ya 200 yuko kwenye hatua ya juu ya VVU, na anastahili kuchunguzwa kifua kikuu na fangasi wa homa ya uti wa mgongo. Mstari uliochorwa kizembe unaweza kumnyima mgonjwa kipimo hicho.

Seli zilizogandana mbili mbili ziondoe mapema. Zilizokufa pia, maana hunasa kingamwili ovyo. Sampuli iliyosafiri kutoka Kyela au Chunya na kuchelewa njiani huwa nazo nyingi. Rangi nazo huingiliana, hivyo andaa tyubu zenye rangi moja moja ili programu irekebishe mwingiliano huo kabla hujachora chochote.

Na mpaka uuweke wapi? Usikisie kwa macho. Andaa tyubu yenye rangi zote isipokuwa ile unayoipima. Mng'ao unaobaki kwenye mkondo wa rangi hiyo ni wa kuazima kutoka kwa rangi nyingine, na geti lako lianzie juu yake.