Kipandikizi cha Jino Baada ya Kuinua Sainasi: Kitashika?

Magego ya juu yamekaa chini kidogo tu ya sainasi, ule uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu, pembeni mwa pua. Gego likishang'olewa, mfupa uliolishikilia huliwa pande mbili: upande wa ufizi, na upande wa juu ambako sainasi hutanuka ikishuka. Pengo likikaa miaka mingi, huweza kubaki mfupa wa milimita 3 au 4, ilhali kipandikizi cha kawaida, yaani skrubu inayopandwa kwenye mfupa ili kubeba jino bandia, kina urefu wa milimita 8 hadi 12. Hakina pa kujishikiza.

Hapo ndipo sakafu ya sainasi huinuliwa. Mfupa ukiwa umebaki milimita 5 au zaidi, mara nyingi daktari hupitia tundu lile lile la kipandikizi. Ukipungua hapo, hufungua kidirisha ubavuni mwa taya, akanyanyua utando wa sainasi na kujaza chembechembe za mfupa chini yake. Si majaribio haya: njia ya kidirisha ilichapishwa mwaka 1980, ya tundu mwaka 1994.

Matokeo ni mazuri. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa baada ya miaka kadhaa, zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 bado vipo kinywani, na vyenye uso wa kukwaruza hushika kuliko vile laini vya zamani. Lakini kuwepo si kuwa kizima. Kipandikizi chaweza kuwepo huku ufizi unatoka damu na mfupa unazidi kupungua, kwa hiyo mwulize daktari wako na hilo.

Kinachowatisha wengi ni kuchanika kwa utando, ambao mara nyingi haufiki unene wa milimita 1. Kwa njia ya kidirisha hutokea takriban mara moja katika kila tano. Tundu dogo huzibwa na kazi ikaendelea. Likiwa kubwa, jeraha hufungwa na kusubiriwa miezi. Binafsi namwamini zaidi daktari anayekubali kusimama hapo.

Mengine yako mikononi mwa mgonjwa, sigara ikitangulia. Kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa fizi na maambukizi ya sainasi vitibiwe kwanza. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge au sindano, aseme mapema, hata kama aliziacha.

Baada ya upasuaji, usipenge kamasi kwa wiki 2 hivi, piga chafya mdomo ukiwa wazi, wala usinywe kwa mrija. Kwa njia ya kidirisha, jino huweza kusubiri miezi 6 hadi 9, na kuharakisha hapa ni kuhatarisha kazi yote. Ukiona usaha au harufu mbaya puani upande uliopasuliwa, au uvimbe unaozidi badala ya kupungua, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.