Bunge la Ulaya nalo lina shilingi ya kushika

Kila nikimwambia mtu kazi yangu ni kuchambua bajeti ya Umoja wa Ulaya naulizwa lile lile, sasa hao wabunge wa Ulaya wanafanya nini kama marais na mawaziri wakuu ndo wanakaa wenyewe wanagawana hela? Swali zuri tu.

Iko hivi. Kabla bajeti ya mwaka wowote haijaandikwa kuna sheria inaweka ukomo wa matumizi kwa miaka 7 mbele, ya sasa ni 2021 mpaka 2027, kama yuro trilioni 1.07 kwa bei za 2018. Ukiifungua, utamu uko kwenye kiambatisho, jedwali la ukurasa mmoja, juu miaka saba, pembeni mafungu saba, basi. Ugomvi wote wa viongozi huko Brussels Julai 2020, siku nne mchana na usiku, umeishia humo. Serikali zote 27 lazima zikubaliane, halafu bunge linaambiwa sema ndiyo au hapana, kugusa hata namba moja haliruhusiwi.

Wengi wanasema hapo bunge ni muhuri tu. Mi sikubali, na ushahidi wangu ni 2013. Viongozi walishapatana yuro bilioni 960 za 2014 mpaka 2020, ndo mara ya kwanza ukomo kushuka kuliko wa miaka saba iliyotangulia, bunge likagoma mwezi Machi kwa kura 506 dhidi ya 161. Hela haikuongezeka hata senti! Ila mpaka wabunge wanakubali Novemba walikuwa wamepata kwamba sehemu ya ukomo wa malipo isiyotumika mwaka mmoja inaweza kuhamia miaka ya mbele, na Kamisheni, yaani chombo cha utendaji cha Umoja, ilazimike kuipitia bajeti upya katikati ya safari, kabla 2016 haijaisha. Sisi Bongo tunaijua hii, mbunge akishika shilingi ya waziri, yaani akigomea bajeti yake, wala haitaki hiyo shilingi, anataka maelezo.

Kinachoniuma mimi ni asilimia 2. Lile jedwali linapandishwa asilimia 2 kila mwaka kufidia kupanda kwa bei, imeandikwa kwenye sheria, iwe mvua iwe jua. 2022 mfumuko wa bei ukavuka asilimia 9, jedwali likabaki na mbili zake. Na kulifungua ili kuongeza hela ni lazima wote 27 wakubali, Desemba 2023 Hungaria peke yake ikatosha kuzuia, hadi Februari 2024 ndo yuro bilioni 50 za kuisaidia Ukraine zikapita.

Na sisi tumo humo. Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, ule uliogharamia miradi kibao huku kwetu, mpaka 2020 ulikuwa nje ya bajeti kabisa, serikali zinachanga pembeni na bunge halina kura kwenye ukubwa wake. 2021 ndo hela hizo zikaingizwa ndani.

Halafu mbunge anakaa miaka 5, bajeti inakaa 7, kwa hiyo watakaochaguliwa 2029 watakuta jedwali la 2028 hadi 2034 limeshafungwa. Pendekezo la Kamisheni la Julai 2025 halijagusa hilo, ni karibu trilioni 2, na hela za wakulima na za mikoa maskini zinawekwa kapu moja, mpango mmoja kwa kila nchi, unaojadiliwa kati ya Kamisheni na serikali husika. Ningekuwa mbunge hiyo trilioni 2 ningeiacha kama ilivyo, ningekomaa nipate kiti kwenye hicho chumba.