Pilsna ya Kicheki: maana yake na namna ya kuionja

Neno pilsna limetokana na Plzeň, mji wa Bohemia katika nchi ya Ucheki, ambao Wajerumani huuita Pilsen. Mwaka 1838 mapipa 36 ya bia iliyoharibika yalimwagwa hadharani mjini humo. Wenyeji wakajenga kiwanda kipya na kumwajiri Josef Groll, mpishi wa bia kutoka Bavaria, ambaye Oktoba 1842 alipika bia angavu ya rangi ya dhahabu, wakati bia nyingi za Ulaya zilikuwa bado za rangi nzito.

Siku hizi jina hilo limeenea mno. Kenya limeandikwa hata kwenye chupa, na wanywaji wengi hulitumia kwa bia yoyote nyepesi iliyopoa, jambo linaloifuta maana yake. Pilsna ya Kicheki hupikwa kwa kimea cheupe cha shayiri, maji laini yenye madini machache sana, na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za Žatec, mji wa Ucheki, kisha huchachushwa kwa hamira inayofanya kazi kwenye ubaridi na kulazwa kwa wiki kadhaa hadi ikomae. Katika upishi wa jadi, sehemu ya uji wa kimea huchotwa, huchemshwa kando na kurudishwa kwenye mtungi, hata mara tatu. Ndiyo sababu bia hii huwa na rangi iliyokolea kidogo na ladha ya mkate iliyo nzito kuliko pilsna ya Kijerumani, ambayo ni kavu zaidi.

Mwonjaji aanze na povu. Katika glasi safi husimama zito, na kila funda huacha pete nyeupe ubavuni mwa kioo. Wacheki hawalihesabu povu kuwa hasara, kwani wana hata namna ya kumimina iitwayo mlíko, ambapo karibu glasi nzima hujaa povu laini, lenye utamu. Baada ya povu ni zamu ya pua: harufu ya hopsi za Žatec ni ya majani na viungo, si ya matunda makali. Kisha mdomoni hutangulia utamu wa kimea, na uchungu hufuata polepole, ukikaa kooni bila kukwaruza.

Hapa wahakiki wengi huteleza. Harufu hafifu ya siagi, itokanayo na diasetili, kemikali inayozalishwa bia inapochachuka, huhesabiwa kasoro katika lager nyingi, yaani bia zinazochachushwa kwenye ubaridi, lakini katika pilsna ya Kicheki kiasi kidogo chake kinakubalika, na kuinyima bia alama kwa hilo ni kuipima kwa mizani isiyo yake. Kasoro ya kweli ni ule uvundo unaoipata bia ya chupa ya kijani iliyoachwa kwenye mwanga, kwa sababu mwanga huvuruga viini vya uchungu wa hopsi.

Bia ikitoka kwenye friji ikiwa baridi kama barafu, ulimi hufa ganzi na kimea hakisikiki kabisa. Mimi huiacha mezani hadi ifikie nyuzi 7 hivi za Selsiasi, ndipo ninapoandika neno la kwanza kuhusu ladha yake.