Gitaa Halina Pepo: Tunayoambiana Kuhusu Magitaa ya Umeme Tusiyoyazoea

Jumapili moja katika kanisa letu la Waswahili hapa Kampala, sebene imeshika moto, akina mama wameshatoa vitambaa wanavipeperusha, gitaa langu likanyamaza. Waya mzima, ampu inawaka. Mpiga besi akanigeukia kwa jicho la kuuliza nimefanya nini tena. Siku hiyo nilikuwa nimeazimwa Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kupigia kopi ya Les Paul, gitaa la Gibson. Kwenye Stratocaster kitufe cha volyumu kinakaa karibu kabisa na nyuzi, na kidole changu cha mwisho, ambacho kimezoea kuegemea hapo, kilikuwa kimekizungusha hadi sifuri. Baada ya ibada mzee mmoja wa kwaya akanivuta pembeni: "Kijana wangu, hilo gitaa lina pepo. Lirudishe kwa mwenyewe."

Sikulirudisha. Ila tangu siku ile nimekuwa nikiyaweka kichwani maneno tunayoambiana kuhusu magitaa mageni, na mengine, nakiri, niliwahi kuyasema mwenyewe.

"Gitaa ni gitaa, ukijua moja umeyajua yote"

Noti ni zile zile, hilo halina ubishi. Lakini mkono umekariri umbali, na umbali hubadilika. Kwenye Stratocaster na Telecaster, gitaa jingine la Fender, sehemu ya uzi inayolia, kutoka kichwani hadi kwenye briji (kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini), ina urefu wa milimita 648. Kwenye Les Paul ni kama milimita 628. Ukiwa freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyopita shingoni) tofauti ni milimita 1 hivi, na hakuna atakayeihisi. Panda sasa hadi freti ya 12, huko ambako sebene huchezewa: mahali pamehama sentimita 1 nzima. Ndiyo maana mpiga rithimu atakuapia kwamba haoni tofauti yoyote, huku mpiga solo aliyeshika gitaa lile lile anadonoa pembeni ya noti kama kuku aliyefunikwa macho.

Kuna na uso wa shingo, yaani jinsi ubao wa freti ulivyo na mviringo. Fender za muundo wa zamani zina mviringo mkali, wa nusu kipenyo cha inchi 7.25. Gibson kwa kawaida ni inchi 12, karibu bapa. Mviringo mkali ni raha kwa akordi za kushika muda mrefu, ila ukiusukuma uzi wa kwanza juu sana ili ulie kwa kupinda, unagusa freti za mbele na sauti inakufa. Nilimwona kijana mmoja akijilaumu wiki nzima kwamba vidole vyake ni dhaifu. Tuliinua nyuzi kidogo pale kwenye briji, na noti ikaanza kulia hadi mwisho.

"Nyuzi zinauma kwa sababu gitaa ni la bei rahisi"

Huenda ni kweli, lakini kabla ya kulitukana piga hesabu. Mvuto wa uzi huongezeka kwa mraba wa urefu wake. Chukua seti ile ile ya nyuzi za unene wa namba 10, itoe kwenye Les Paul uifunge kwenye Stratocaster, uityuni vile vile: umeongeza mvuto wa takriban asilimia 6. Vidole vinahisi. Anayehama upande huo anaweza kushuka hadi namba 9, nyembamba zaidi, na asione aibu.

Wenzangu wanaopiga mi-composé wana kero yao ya ziada. Mtindo huo wa Kikongo huondoa uzi wa nne mnene na kuweka mwembamba unaolia oktevu moja juu. Uzi mwembamba ukiingia kwenye mfereji wa kichwani mwa shingo uliochongwa kwa mnene hucheza na kutoa mlio wa nzi. Wengi husema gitaa hili halikubali muziki wetu. Linakubali. Mfereji ndio mpana, na fundi anaweza kukuwekea kipande kingine.

"Linavuma, kwa hiyo ni bovu"

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa koili ya waya chini ya nyuzi, ikiwa ya koili moja kama zile tatu za Stratocaster, hunasa mtikisiko wa nyuzi na pia hunasa uvumi wa umeme wa ukutani, ambao hapa Uganda ni wa mzunguko wa hezi 50. Ukitoka kwenye gitaa la hambaka utadhani umenunua redio mbovu. Hambaka ni koili mbili zilizopangwa kinyume ili uvumi wa moja uufute wa nyingine, na sauti ya nyuzi ibaki. Seth Lover ndiye aliyeisanifu kwa ajili ya Gibson, ikaanza kufungwa kwenye magitaa yao mwaka 1957. Kuvuma kwa koili moja, basi, ni tabia yake ya kuzaliwa. Geuka robo zunguko ukiwa umelishika, sogea mbali na taa za mirija na ampu, utasikia uvumi ukipungua. Kwenye Stratocaster nyingi za sasa nafasi ya 2 na ya 4 za swichi ya kuchagua pikapu huunganisha pikapu mbili kwa namna inayoufuta.

Uvumi ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa ndani wa kutuliza umeme (ethi) umeunganishwa. Ukizidi unapogusa, mwite fundi. Na midomo ikipigwa shoti kwenye maikrofoni huku umeshika gitaa, zima kila kitu. Hapo tatizo ni ethi ya jengo au ya jenereta, na limewahi kuua wapiga gitaa. Kuimba huku unarukaruka kwa sababu ya shoti si upako.

"Halishiki tyuni"

Ikiwa briji yake inaelea, nyuzi zinavuta upande mmoja na springi za mgongoni zinavuta upande wa pili, kama watu wanaovutana kamba. Kaza uzi wa sita, briji inainama, mingine mitano inalegea. Aliyezoea briji isiyosogea hutyuni mara moja na kuondoka, kisha analaani kiwanda. Zunguka nyuzi zote mara tatu au nne. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, mingine yote itapanda sauti, na hapo utatamani ardhi ipasuke. Mimi mkono wa tremolo, ule wa kuitikisa briji, siutumii kabisa, kwa hiyo nilimwomba seremala wa jirani anikatie kipande cha mvule, nikakikaza nyuma ya briji isisogee tena.

"Nyuzi ziko juu? Kaza chuma cha shingoni"

Hapana. Chuma kile hurekebisha upindaji wa shingo. Kimo cha nyuzi hupangwa kwenye briji. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, halafu utazame freti ya 7 au 8. Mwanya mwembamba sana ndio unaotakiwa. Mbao hunywa unyevu, kwa hiyo shingo iliyokuwa sawa Februari inaweza kuhama mvua za Machi hadi Mei zikiingia. Robo zunguko tu, kisha subiri. Chuma kilichokazwa kwa hasira huharibika, na kukibadilisha ni upasuaji.

"Umbo lile ni la muziki wa shetani"

Gitaa la umbo la V limewahi kukataliwa madhabahuni mbele ya macho yangu. Gibson walilitoa mwaka 1958, miaka mingi kabla ya wapiga metali kulipenda, na aliyelipa jina mapema ni Albert King, mtu wa bluzi. Vivyo hivyo Telecaster huitwa gitaa la nyimbo za makaboi, ilhali Jimmy Page aliitumia kurekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin iliyotoka 1969. Na Leo Fender, aliyeibuni, hakuwa mpiga gitaa.

Kasoro ya kweli ya V ni nyingine kabisa: ukikaa na kulipakata kama mengine, linateleza hadi sakafuni. Paja lipite katikati ya zile pembe mbili, shingo ielekee juu kidogo. Kisha ukiwa bado umekaa, fupisha mkanda hadi ukaze begani, usimame, uone kama mkono wa kushoto umebaki palepale.