Je, keekee itatoboa volkeno? Dhana potofu kuhusu visima virefu vya jotoardhi

Dhana: Keekee ikigusa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, mlima utalipuka.

Hii ndiyo niisikiayo zaidi hapa Mombasa kila visima vya jotoardhi vya Olkaria au Menengai vikitajwa. Lakini magma imeshaguswa, tena hapa hapa Kenya: baadhi ya visima vya Menengai, karibu na Nakuru, viliifikia kwenye kina cha kama kilomita 2. Huko Iceland, mwaka 2009, kisima cha Krafla kilichokusudiwa kufika mita 4,500 kiliishia mita 2,100 kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna kilicholipuka. Magma ilipokutana na maji baridi ya kuchimbia iliganda ikawa kioo.

Dhana: Adui mkubwa ni joto la kuyeyusha keekee.

Maji ya kuchimbia yakizunguka shimoni, keekee hupoa. Balaa ni maji yakipotea mwambani, kwani ndiyo yanayopandisha chengachenga za mwamba. Aliyewahi kusimama kando ya mtambo wa kuchimba kisima Kisauni atanielewa. Fundi hupanga chengachenga za matumbawe chini, rundo baada ya rundo, akizifikicha vidoleni kujua amefika wapi. Shimo likiangukia pango, upepo wa kompresa haurudishi kitu, na marundo hukoma. Kule Reykjanes, Iceland, kisima kilichofika mita 4,659 mwaka 2017 kilipoteza maji yote chini ya kilomita 3 hivi. Wachimbaji waliendelea bila chengachenga, wakitegemea vipande vichache vya mwamba walivyovikata makusudi. Kwangu mimi, hakuna ugumu unaozidi huo: kuchimba usichokiona.

Dhana: Basi tuchimbe mvuke Nyali.

Joto lipo, ila mbali. Pasipo na volkeno changa, huongezeka takriban nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Kufikia nyuzi 300 kungetaka kilomita 9 hadi 11 hivi.

Dhana: Kisima kikishatoa mvuke, kazi imekwisha.

Hapo ndipo chuma huanza kuteseka. Bomba la mita 1,000 likipashwa nyuzi 300 zaidi lingerefuka zaidi ya mita 3, lakini saruji imelishika, haliendi popote. Likipozwa ghafla hujivuta, na huweza kuachana kwenye maungio. Kisima cha Krafla kilitoa mvuke wa zaidi ya nyuzi 450. Mwaka 2012 vali zilishindwa, kikazimwa kwa maji baridi, bomba likaharibika, na hakikufunguliwa tena.